Toyota IST iliyoingia maji bondeni: shajara ya matengenezo, Aprili hadi Juni 2024

Jumapili, 21 Aprili

Mdogo wangu alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Gari lilikuwa limelala kwake Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Usiku ule Kigogo kwenyewe mvua haikuwa ya kutisha, lakini mto huu hausubiri mvua ya mjini. Maji ya vilima vya Pugu na Kisarawe hupita humu kwenda baharini kwenye Daraja la Salenda, kwa hiyo ikishuka kubwa huko juu, huku chini watu wanaamka na maji miguuni. Yalipanda saa nane usiku na kulipopambazuka yalikuwa yameshaondoka, yameacha tope.

Neno la kwanza nililomwambia ni "usiwashe". Alikuwa tayari ameshika ufunguo. Kama maji yamefika kwenye silinda, pistoni inapopanda inakutana na kitu kisichobanika, na kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Gari lililoloa tu linatengenezeka. Lililoloa kisha likawashwa ndilo linalokuja kuuzwa kwa kilo.

Nilipofika nilifungua boneti kwanza, nikatoa waya wa hasi wa betri. Kisha ea klina: kavu, karatasi yake nyeupe kama jana. Nikavuta stiki ya oili, oili safi. Ya gia nayo nyekundu ileile, haina weupe wa maziwa. Nikashusha pumzi. Ndani hali ilikuwa nyingine. Mstari wa tope mlangoni nimeupima kwa rula, sentimita 22 kutoka sakafuni. Chini ya viti vya mbele kulikuwa na maji bado, yana mafuta juu na harufu ya choo.

Tumelileta Tabata kwa gari la kuvuta, magurudumu ya mbele yakiwa hewani. IST yetu ni otomatiki na inavuta kwa mbele, haiburuzwi kwa kamba.

Bima yangu ni ndogo, hailipi kitu hapa. Kila kitakachofanyika ni mfukoni kwetu.

Naandika shajara hii kwa sababu moja. Gari hili tulilinunua mimi na mdogo wangu ili mama afike kliniki bila kugombania daladala, na mama ana pumu. Wengi wameniambia niweke manukato, nianike mlango wazi siku mbili, yaishe. Kwa mama haiwezi kuisha hivyo. Ukungu ukishaota chini ya kapeti, kila akifungiwa vioo anauvuta.

Jumatatu, 22 Aprili

Kung'oa. Fundi wangu alikuja saa mbili asubuhi, mimi nimeomba ruhusa kazini.

Kabla ya kugusa chochote alihakikisha betri ilifunguliwa jana. Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kufungua betri ndipo uguse mambo ya eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajalini, maana ndani ya kiboksi chake umeme hubaki kidogo. Soketi zake ni za rangi ya njano, na fundi hataki mtu mwingine azishike. Sisi tulikuwa na usiku mzima, tuko salama.

Kiti cha mbele kina boliti nne, spana namba 14. Za upande wa dereva zilitoka vizuri, ya nyuma ya abiria iligoma kwa kutu. Hilo tuliliona, tukalipita, na ndilo nitakalolirudia huko mbele. Kiti cha nyuma kinavutwa juu tu, kinatoka. Kisha vibao vya plastiki vya kizingiti cha mlango, kisha boksi la katikati lenye breki ya mkono.

Kapeti la gari hili ni kipande kimoja, linaanzia chini ya dashibodi mpaka chini ya kiti cha nyuma. Fundi alishauri tulikate kwa kisu katikati ili lisitusumbue. "Dada, likirudi halionekani hata kidogo." Nilikataa. Kapeti lililokatwa halilali tena sawasawa, na pale kwenye mkato ndipo tope la viatu litaingilia. Ilituchukua saa nne, lakini limetoka zima.

Sasa jambo ambalo ningependa kila aliyepatwa na hili alione kwa macho. Juu, lile kapeti lilikuwa linakaribia kukauka. Ukipitisha kiganja unasema hapa kazi imebaki kidogo. Tulipoligeuza, mgongoni mwake kuna felti nene ya nyuzi, imegandishwa kwa gundi, nene kama godoro la mtoto pale kwenye miguu ya abiria. Mdogo wangu aliibonyeza kwa kidole gumba na maji meusi yakamwagika hadi kwenye kiwiko. Akabonyeza tena palepale, yakaja tena.

Tulilibeba wawili mpaka duka la nafaka la jirani, nikamwomba atupimie. Mizani ilisoma kilo 23.5.

Hapo ndipo nilipopata kipimo cha kazi hii. Mkono unadanganywa, pua inazoea, lakini mizani itaniambia. Nitapima mpaka uzito uache kushuka.

Jumanne, 23 Aprili

Kuosha. Maji ya Msimbazi yamepita vyooni na viwandani, hayakaushwi yakiwa humo. Tumefua kapeti kwa sabuni ya unga mara tatu, tukisukuma maji kutoka upande wa felti, mpaka yakatoka meupe. Mdogo wangu amevaa glavu na buti za mvua.

Mikanda ya usalama tumeivuta yote mpaka mwisho, tumeiosha kwa sabuni laini na maji, kisha tumeibana kwa vibanio vya nguo isirudi ndani ikiwa mbichi. Klorini sikuiruhusu kwenye mikanda. Inachosha nyuzi, na mkanda haufai kuchoka. Wala kwenye bodi ya chuma, inaharakisha kutu.

Jumatano, 24 Aprili

Vidoti vyeupe kwenye mshono wa kiti cha abiria, kama unga uliopulizwa. Ukungu huo, siku ya tatu tu. Nimevifuta kwa siki nyeupe isiyochanganywa na maji, nikaacha saa moja, nikasugua kwa brashi. Viti vimewekwa kwa kuegemezwa, tumbo likiangalia jua. Sponji inakauka kutoka chini, si kutoka juu ambako kitambaa kimebana.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua, jua la nusu saa, mvua. Wiki nzima tumekuwa watu wa kuanua na kuanika. Kapeti sasa linalala sebuleni juu ya viti vya plastiki, feni inapiga chini yake. Mama yuko kwa dada yake Mbagala kwa sasa, sikutaka akae nyumba moja na kitu hiki.

Kilo 14.2.

Jumatano, 1 Mei

Mei Mosi, kila mtu yuko nyumbani, kwa hiyo leo ni umeme.

Fundi umeme alifuata wayaringi inayopita kwenye kizingiti cha mlango, soketi moja baada ya nyingine. Kila moja anaifungua, anaipiga kwa hewa ya kompresa, anapuliza dawa ya kusafishia soketi, anaiangalia kwa tochi. Nyingi zilikuwa na unyevu tu. Moja, karibu na mguu wa dereva, ilikuwa imeota ule ukijani wa shaba, na alipoigusa pini yake moja ikabaki kwenye koleo. Siku kumi tu zimepita. Umeme kidogo ukikutana na maji machafu, shaba inaliwa haraka, na ndiyo maana betri hufunguliwa siku ya kwanza. Tulifanya hivyo, lakini usiku ule wa mafuriko betri ilikuwa imefungwa na maji yamo. Alikata, akaunga kwa lehemu, akavalisha ule mpira unaojibana ukipashwa moto.

Baada ya hapo ikaja injini. Fundi alitoa plagi zote nne, akapiga stata bila plagi. Kama kuna maji kwenye silinda yangeruka kwenye matundu. Hayakuruka. Akarudisha plagi, akabadilisha oili na filta hata kama ile ya zamani ilionekana safi, akawasha. Ilishika mara ya pili. Mdogo wangu alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda. Tangu siku ile alikuwa anajilaumu kwa kuegesha pale, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba mto haukumwuliza.

Taa ya eabegi inabaki inawaka kwenye dashibodi. Kiboksi chake kimefungwa sakafuni katikati, na katikati palifikiwa na maji.

Ngoma za breki za nyuma zimefunguliwa pia, zilikuwa na tope la kijiko kizima kila upande. Zimeoshwa.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na boti za Zanzibar zimesimama. Leo kinaingia upande wa Mafia. Huku kwetu ni upepo na mvua ya kusukumwa. Gari liko uani, halina viti wala kapeti, ni bati tupu ndani. Tumelifunika turubai na kulifunga kwa kamba.

Kabla ya kufunga nimetandika magazeti sakafuni, mbele na nyuma, ili kama kuna unyevu uliojificha kwenye mikunjo ya bodi uonekane.

Jumapili, 5 Mei

Turubai lilikuwa limeng'oka upande wa kushoto usiku. Nilifungua mlango nikitegemea kukuta maji kila mahali. Magazeti matatu yalikuwa makavu, yanapasuka ukiyakunja. La nne, mbele kushoto kwa abiria, lilikuwa uji.

Nilipiga magoti pale na tochi. Bati la sehemu hiyo lina kutu, na si kutu ya rangi ya chungwa inayofutika kwa kidole, ile ya wiki mbili. Hii imeinua rangi kwa magamba, ukiingiza bisibisi gamba linatoka na jingine liko chini yake. Kutu ya magamba haioti kwa siku kumi na nne. Kisha nikakumbuka ile boliti ya kiti cha abiria iliyogoma, ya upande huohuo.

Gari hili lilikuwa linaingiza maji kabla ya mafuriko. Pengine mwaka mzima. Mafuriko yamenifanya nifunue tu. Na nikakumbuka mama alivyokuwa akikaa kiti hichohicho, akisema miguu inapata baridi, nami nikawa nampunguzia AC.

Kama tungerudisha kapeti wiki iliyopita kama nilivyosihiwa, tungefunika tena.

Jumamosi, 11 Mei

Kutafuta tundu. Kwa abiria wa mbele maji yana njia kama nne, nazo hazifanani.

Bomba la AC likiziba, maji yanaingia ukiendesha na AC, hata kiangazi. Nimewasha AC nusu saa, chini ya gari limechuruzika vizuri. Siyo hilo. Rejeta ya kupasha joto ikitoboka, kinachoingia ni maji ya rejeta, yanateleza na yana utamu puani. Siyo hiyo. Zimebaki mbili: chini ya waipa, ambako majani huziba njia ya maji, au mlango.

Utaratibu wa mpira wa maji ni huu: unaanzia chini, unapanda, sehemu moja kwa dakika kumi, na mtu yuko ndani na tochi. Ukimwaga juu kwanza umelowesha kila kitu na hujui kitu. Mdogo wangu alikuwa ndani, amepaka poda ya mtoto kwenye bati lote la mbele kushoto, maana tone moja likipita kwenye poda linaacha njia.

Kizingiti, dakika kumi, pakavu. Mlango, maji yakiishia chini ya kioo, pakavu. Nikapandisha maji yagonge kioo cha mlango. Dakika ya tatu akapiga kelele, "Dada, linakuja!" Nikafunga bomba, nikachungulia. Uzi mmoja wa maji, mwembamba kama wa kushonea, ulikuwa unatoka chini ya kava la mlango, kwa ndani, unavuka raba ya mlango na kushuka kwenye poda.

Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, kila gari hupitisha pembeni mwa kioo. Yanashuka humo na kutokea kwenye matundu ya chini. Kinachoyazuia yasije upande wako ni plastiki iliyobandikwa kati ya chuma na lile kava. Tulipofungua kava tukaiona plastiki yetu: imechanwa kwa wembe, mraba mzima, na pembe inaning'inia. Mwaka jana nilifungiwa spika mpya za milangoni. Aliyefunga alikata ili apitishe mkono, akamaliza, akarudisha kava juu yake bila kusema neno. Kazi ya dakika tano kwake. Nimekasirika kuliko nilivyoukasirikia mto.

Matundu ya chini nayo yalikuwa yamezibwa na tope la Kigogo. Nimeyazibua kwa waya.

Jumapili, 12 Mei

Plastiki mpya. Tumenunua nailoni nzito, tumeikata kwa kufuata ile ya zamani, tumeibandika kwa ile gundi nyeusi ya utepe wanayotumia mafundi vioo. Pembe ya chini ndiyo yenye siri: lazima ichomekwe kwenye mpasuo ndani ya chuma cha mlango, ili maji yanayoteleza kwenye plastiki yadondokee ndani ya mlango. Ukiibandika kwa nje, hata ikiwa nzima, umeyapa maji njia ya kuja kwako. Tumefungua milango yote minne. Wa mbele kulia nao ulikuwa umekatwa.

Maji ya bomba dakika ishirini kwa kila kioo. Poda haikuguswa.

Jumamosi, 18 Mei

Kutu. Brashi ya waya, msasa, mpaka chuma king'ae. Tundu halijatokea, tumewahi. Dawa ya kutu, kuiacha ilale, praima mara mbili, rangi. Vizibo vya mpira vya sakafuni vimetolewa vyote, vikasafishwa, vikarudishwa na gundi ya kuzuia maji.

Kapeti kilo 9.6.

Jumamosi, 25 Mei

Shaurimoyo, Ilala, kutafuta kiboksi cha eabegi. Namba ya Toyota ya kifaa hiki huanza na 89170, na tarakimu zinazofuata nazo lazima zilingane na za gari lako. Muuzaji wa kwanza alisema vyote ni sawa. Nikaondoka. Wa tatu alikuwa nacho chenye namba yangu, nikamwomba anioneshe gari kilikotoka. Ilikuwa IST iliyogongwa nyuma, eabegi zake hazijafumuka. Hilo lilikuwa muhimu kwangu, kwa sababu kiboksi cha gari ambalo eabegi zimeshalipuka hubaki na kumbukumbu ya ajali na hakifai kufungwa hivihivi.

Fundi umeme amekifunga, betri ikiwa imefunguliwa tangu asubuhi. Taa iliwaka sekunde chache ufunguo ulipozungushwa, ikazima yenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Amepima kwa mashine, hakuna kosa.

Jumapili, 2 Juni

Kapeti: Alhamisi kilo 9.1, Jumamosi 9.1, leo 9.1. Limeacha kushuka. Kwa hiyo zaidi ya kilo 14 za kwenye ile mizani ya kwanza zilikuwa maji na tope, ndani ya kitu ambacho juu yake kiganja kilikuwa kinasema kimekauka.

Tumelirudisha leo. Kwenye miguu ya abiria nimeikata ile felti nene na kuweka mpya, ya zamani ilikuwa na weusi usiotoka hata baada ya siki. Viti vimerudi, boliti zimepakwa grisi. Mdogo wangu ndiye aliyekaza ya mwisho, ileile iliyogoma.

Jumapili, 9 Juni

Nimemfuata mama Mbagala. Sikumwambia chochote, nilitaka pua yake iseme. Tulipita Kilwa Road vioo vimefungwa, AC imewashwa. Alikaa kiti chake cha mbele. Kufika Uhasibu alikuwa amelala, anapumua vizuri, na miguu ameivua viatu ameiweka juu ya kapeti.

Jumamosi, 15 Juni

Yaliyobaki. Mkanda wa nyuma kushoto haurudi vizuri, bado una mchanga kwenye roli, natafuta mwingine mzima na mpaka nitakapoupata hakuna anayekaa hapo. Spika ya mlango wa kushoto inakwaruza. Filta ya hewa ya ndani nimeagiza.

Leo nimefunua pembe ya kapeti mbele kushoto, nikaweka gazeti jipya chini yake, nimeandika tarehe kwa kalamu pembeni. Vuli ikianza nitalitoa niliangalie.